Waya wa Kwenda kwa Baba

Baba hakuwahi kukanyaga nyumba ya kaka yangu, ingawa iko ndani ya shamba lake mwenyewe. Kwetu Ileje mwanamke na baba mkwe wake hawakai chini ya paa moja, hata usoni hawatazamani. Mke wa kaka akimwona mzee anakuja, anaingia migombani mpaka apite. Sisi tumezaliwa tukayakuta hayo, tunayaona ya kawaida.

Mapafu ya baba yalipochoka, tukaazima mashine ya oksijeni. Umeme uko kwa kaka, barabarani. Kwa baba ni kule chini, kama mita mia mbili. Kaka akavuta waya mwembamba katikati ya kahawa, akawasha, mashine ikaanza kulia pii, pii, ikikataa kufanya kazi. Akanipigia simu Tunduma, maana mimi, binti, ndiye fundi umeme wa familia.

"Umeme si umefika? Mbona taa inawaka?" kaka akaniuliza nilipofika.

Jamani! Taa inawaka hata umeme ukiwa hoi. Nikachuchumaa mlangoni kwa baba, nikapiga hesabu: umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita mia nne, mara ukinzani wa waya kwa kila mita, mara ampea mbili za mashine. Volti kumi na tano hivi zilikuwa zinapotelea njiani. Na jioni, kijiji kizima kikiwasha, kwa kaka kwenyewe zinabaki mia mbili na tano tu. Kwa baba zinafika mia na tisini, na mashine haitaki chini ya mia mbili. Waya mnene, usiopoteza umeme, ungenichukua siku nzima kuufuata Tunduma. Pumzi ya baba haikuwa na siku.

"Baba, twende kwa kaka."

"Niingie kwa mkwe wangu?" akasema, akihema. "Bora nife."

Nikamfokea aache ukaidi. Nililia pia, sioni haya kusema.

Mke wa kaka alisikia yote kutoka migombani. Akafunga nguo zake, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwao Itumba bila kuambiwa na mtu. Nyumba ikawa haina mkwe. Baba akanyoosha mikono, tukambeba.

Kule mashine haikulia tena. Baba akapumua vizuri, akatutania, akaomba makande. Wiki haikuisha, moyo wake ukagoma.

Siku ya mazishi wifi yangu alirudi, akakaa nyuma kabisa, kichwa ameinamisha, mpaka kaburi likafukiwa. Watu walipotawanyika akanivuta nyuma ya jiko.

"Wifi," akasema, "miaka yote hii sijawahi kumtazama. Baba alikuwa na sura gani?"

Nikaanza kumweleza: masikio makubwa, pengo hapa mbele. Nikalia kabla sijafika kwenye macho.