Risaga Iliyokaa Chini

Mpaka leo nikisikia harufu ya tope lililokanyagwa na ng'ombe, nashindwa kunywa maji. Ndiyo harufu ya maji tuliyokunywa kule Nyansurura nilipokuwa binti mdogo wa kubeba kibuyu. Chemchemi ilikuwa moja, chini ya mteremko, na mwisho wa kiangazi ilibaki kidimbwi tu. Alfajiri ng'ombe walitutangulia, wakaingia na miguu yote, wakanywa, wakakojoa humohumo. Sisi tulichota nyuma yao. Mama aliyachuja maji yale kwa kitambaa, akayachemsha, na bado uji ulinuka zizi. Mdogo wangu Mwita aliharisha kiangazi kizima, akabaki macho tu.

Wanawake walikuwa wameomba jambo dogo: ng'ombe wanyweshwe chini zaidi, kwenye kona ya kijito, ingawa ni mbali na njia ina miiba. Baba yangu, Marwa, ndiye aliyekuwa na ng'ombe wengi, na alikowapeleka yeye, wengine walimfuata. Alikataa. "Maji hayana mwenyewe," alisema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Baba alikunywa maziwa. Jirani yetu Nyangi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, alimwambia mama palepale kwenye chemchemi, "Mume wako, mama Ghati, anatunywesha mkojo." Mama aliendelea kuchota. Angemkabili baba vipi? Kwao kulikuwa mbali, Susuni, na ng'ombe wa mahari yake kaka yake alishawatumia kuoa mke. Akirudishwa, ng'ombe watadaiwa, na nyumba ya kaka itavunjika.

Mvua zilipokaribia, baba akaita risaga. Kwetu mwenye shamba kubwa huwaita majirani, wakaja na majembe, wakalima pamoja, naye akawalisha na kuwanywesha. Siku nyingine ni zamu ya mwingine. Kukataa kuja ni ugomvi. Lakini kuja, kisha ukakataa cha mwenyeji, ni vibaya zaidi: umemwambia mbele za watu kwamba si mwenzenu. Mama alipika togwa la ulezi mtungi mzima. Wanawake walikuja wote mapema, majembe begani, wakasalimia vizuri. Kisha wakakaa chini katikati ya shamba, majembe wameyalaza mapajani. Waume zao walipigapiga udongo kidogo, wakaona aibu, wakasimama.

Baba akateka togwa, akampelekea Nyangi mwenyewe.

"Limepikwa kwa maji gani, baba Ghati?"

"Ya chemchemi."

"Basi wape wenye mikia, ndio hutangulia."

Wanawake walicheka, na hata mumewe, mzee Wambura, alificha mdomo. Hapo mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na Mwita mgongoni, akaingia ndani. Nilidhani amekimbia aibu. Kumbe alifuata jembe lake. Akapita mbele ya baba, akaenda kukaa kando ya Nyangi.

"Na wewe?" baba akauliza.

"Umeita risaga. Nimeitika."

"Basi kesho utaitikia Susuni!"

Nilianza kulia. Nyangi akainuka, akajikung'uta vumbi. "Kesho ya nini? Twendeni sasa hivi tumsindikize." Wakainuka wote, mama katikati yao, wakashika njia bila haraka. Mzee Wambura akamjia baba mbio. "Marwa! Unafukuza mmoja, wanaondoka wote. Mimi ng'ombe wa Nyangi nitawadai kwa nani, na walishakufa huko kwao kwa homa ya ndigana? Utatuvunjia nyumba kwa ajili ya kidimbwi?"

Baba aliitazama ile migongo inayokwenda, akalitazama shamba. Akaita, "Rudini mlime! Ng'ombe watashuka chini."

"Chini wapi?" Nyangi akauliza bila kugeuka.

"Kwenye kona ya kijito!"

Wakarudi. Wakalinywa togwa lilelile, maana neno lilikuwa limekwisha, wakalima mpaka shamba likaisha. Baba hakusema na mama mpaka mvua ziliponyesha, lakini miiba ya kuzungushia chemchemi aliikata kwa mkono wake. Mwita akapona. Na siku moja nikamsikia baba akiniita, "Ghati, niletee maji. Yale ya juu."

Mwalimu mmoja wa hapa, mgeni kutoka Lindi, aliniuliza kiongozi wa wanawake wale alikuwa nani. Nikamtajia: Nyangi, Bhoke mama yangu, Wankuru, Matinde, Mugosi, Sabina mke wa Magige. Akadhani sijamwelewa. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwalimu. Wala sisifii zamani. Leo mwanamke ana ng'ombe wake, anasema mkutanoni, na mtoto kama Mwita angepelekwa zahanati. Kisima cha pampu tunacho. Ila kiangazi hiki pampu imekufa, na wenye kuisimamia wananyamaza. Mjukuu wangu Rhobi anataka kusimama mkutanoni awaulize, na anaogopa. "Lakini bibi, kwenye grupu la simu wote wameniunga mkono," akasema.

Nikamuuliza, "Wakikwambia toka nje, nani atainuka nawe?"

Akaweka simu chini. Akaanza kuwataja, polepole, mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mjukuu wa Nyangi.