Chelewa Ndani ya Rilei

Juma lililopita nilikwenda kununua barafu kwenye kiwanda kimoja hapa Tanga, nikamkuta fundi umeme anapima rilei, kile kifaa kinachokata umeme mota inapozidiwa. Fundi mwenyewe, mama wa makamo aliyejifunga mtandio, aliunganisha mashine yake ya kupimia, akapandisha mkondo kidogo kidogo. Rilei ilipaswa kukata. Haikukata. Akapandisha tena, bado rilei haikukata.

Akafungua kifuniko, akachungulia, akachomoa kwa vidole viwili kipande cha chelewa, zile njiti za ufagio.

"Nani kaiweka hii?"

Msimamizi wa mitambo, mzee wa miaka mingi pale, hakuona haya. "Mimi. Ilikuwa inakata kila adhuhuri, barafu inayeyuka, wavuvi wananigombeza. Tangu niiweke, haijakata hata mara moja."

"Kukata ndiyo kazi yake, baba. Mota ikizidiwa itaungua, na nyinyi mmo humu humu."

"Mbona haijaungua?"

Fundi aliitupa chelewa chini, akarekebisha kiwango cha kukatia, akapima upya. Rilei ikakata mara tatu mfululizo. Akaandika "salama" kwenye fomu, mzee akatia saini.

Simlaumu sana mzee. Hata majumbani kwetu, anayesema "basi, imetosha" tunamwita mkorofi, na tukishamnyamazisha tunasema nyumba imetulia.

Fundi alipoinama kufunga mkoba wake, mzee aliiokota ile chelewa, akaipangusa kwenye suruali, akaitia mfukoni mwa shati.