Hodi Kwenye Ukuta wa Kampuni Mbili

Mtasema nimetunga. Semeni. Mimi nina mtoto wa kulea, sina muda wa kutungia watu hadithi. Haya yalinikuta saa nane mchana, hapa hapa Mpanda, na hasira zake sijazimaliza mpaka leo.

Nilikuwa nafagia kampuni mbili za intaneti. Zimepanga jengo moja, katikati ukuta mmoja wa tofali, na funguo za vyumba vyote viwili vya mitambo nilikuwa nazo mimi. Sasa sikilizeni ujinga. Mteja wa kampuni ya kushoto akimtumia ujumbe mteja wa kulia, ujumbe unakwenda mpaka Dar es Salaam, unageuza, unarudi Mpanda, ndiyo unaingia mlango wa pili. Kisa? Mabosi hawataki kupitisha waya wa mita tatu ukutani. Kila mmoja anataka mwenzie ndiye aje kuomba.

Siku hiyo njia ya Dar ilikatika, simu nazo zikafa. Konda wa basi la Usevya akaniletea maneno ya mama mkwe, anayenilelea mtoto kule: "Jeni kashikwa degedege. Yuko zahanati, nesi kashaomba gari la wagonjwa tangu asubuhi." Jeni ni mwanangu, hata miaka miwili alikuwa hajatimiza. Nikakimbia hospitali. Wakaniambia gari halitoki mpaka ombi la nesi lionekane kwenye kompyuta. Na lingeonekanaje? Zahanati inatumia kampuni ya kushoto, hospitali inatumia ya kulia!

Nikarudi kwa mabosi, nikapiga magoti. Wa kushoto akasema, "Mama Jeni, mwambie jirani aje aombe." Wa kulia akacheka. "Mimi nikaombe? Ili wateja wake wapande mgongoni kwangu bure?" Wakaenda kula, kila mtu na gari lake.

Mvua ikashuka. Bati likawa linapiga kelele, hata kilio changu sikisikii. Nimekaa sakafuni chumba cha kushoto, nikasikia, wazi kabisa, "Hodi."

Mwanaume, kavaa ovaroli, kiunoni mkanda wa kupandia minara, kamba yake imekatika inaburuza chini. Buti zake zina vumbi. Vumbi, jamani, na nje maji yanatiririka! Nikamsalimia. Akanyoosha kidole ukutani.

"Dada, upande huu nilishamaliza," akasema. "Mtambo wangu unapiga hodi kila siku, wa pili haujibu. Lazima huko nako iandikwe namba ya mtambo wa huku, ndiyo uitikie. Mimi ni wa kushoto, siruhusiwi kugusa cha wenzangu. Wewe unafagia kote."

"Nitafukuzwa kazi."

"Na mtoto je?"

Niaminini, habari za mtoto sikuwa nimemwambia.

Akapenyeza waya wa njano kwenye tundu la ukuta. Nikaenda upande wa pili, nikauchomeka anaposema. Kompyuta walikuwa wameiacha wazi. Akawa ananitajia namba kupitia lile tundu, mimi naandika kwa kidole kimoja. Nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka, na ndani ya ukuta nikasikia mtu anashusha pumzi, kama aliyetua gunia. Nikarudi kushoto. Hakuna mtu. Sakafuni hata alama ya buti hamna.

Nafika hospitali, gari ndiyo linatoka getini. Nikadandia. Mwanangu alipona.

Na mabosi? Mnadhani waliuliza mtoto anaendeleaje? Wa kulia akaniita mwizi. Wa kushoto, nilipomweleza yule mtu alivyovaa, akatoa picha kwenye droo. "Huyu?" Ndiye. Fundi wake. Alianguka kwenye mnara kiangazi kimoja kabla sijaajiriwa, upande wao amemaliza, anasubiri wa pili wajibu. Mtu kafa na bado anaheshimu mpaka wa kazi yake, nyie wazima mnanuniana kama wake wenza! Mnafikiri huyo bosi wa kushoto aliona aibu? Alichukua koleo, akakata waya mbele ya macho yangu. "Mimi uchawi sitaki ofisini." Kazi nikafukuzwa siku hiyo hiyo.

Sasa nauza uji Ilembo. Mvua ikinyesha saa nane, hodi inapigwa ukutani kwangu. Mume wangu haisikii. Jeni anaisikia. Anaacha kucheza, anageukia ukuta, anasema kwa ulimi wake wa kitoto, "Kalibu." Simkatazi.

Nyie mlioko Usevya, Ugalla, popote: ulizeni zahanati yenu inatumia kampuni gani, hospitali inatumia ipi, na katikati yao kuna nini. Ulizeni kabla mtoto hajaugua. Na nyie mabosi, yule fundi bado anapiga hodi. Muitikieni. Siku akichoka na ukuta wa ofisi atakuja majumbani kwenu, na huko hakuna Jeni wa kumkaribisha.