Ndege Wasio na Karatasi

Kwa miaka kadhaa, tena baada ya kuhitimu shule ya usiku na kupewa cheti chenye muhuri unaong'aa kuliko paji la uso wa mchungaji wetu, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Marekani ina idara ya uhamiaji ya ndege.

Usicheke kwanza. Sikuambiwa na mlevi. Niliambiwa na mzee wa kanisa, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, tuliyekuwa tukifanya naye kazi ghala moja kule Louisville. Saa ya chakula tulikuwa tumesimama kwenye mlango wa kupakilia mizigo, mikono kwapani, tukiutazama mto Ohio ukifuka moshi kwa baridi. Baridi yenyewe ilikuwa ya kugandisha chai mdomoni kabla haijafika kooni. Na bado, kule ukingoni, walikuwa wamejipanga wazungu kama kumi na wawili, nguo zimewajaa hadi wamekuwa magunia, kila mmoja na darubini yake yenye miguu mitatu, wote wakimtazama ndege mmoja tu mweupe katikati ya maji. Mmoja wao alikuwa akiandika kwenye daftari.

"Hivi wale wanatafuta nini?" nikauliza.

"Wale? Ile ni uhamiaji ya ndege," akasema bila hata kutabasamu, kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani. "Bon, hapa kila ndege iko na karatasi yake. Ikiingia jimbo yenye haiko yake, wanaiandika, wanaikamata, wanairudisha kwao. Unaona ule wa daftari? Ule njo shefu yao, mukubwa."

"Hata ndege?"

"Hata ndege, ndugu yangu. Donc, inchi hii haina muchezo. Angalia miguu yao, utaona."

Nikaangalia. Wiki ileile nikamkuta bata bukini kwenye maegesho ya magari, amejitanua kama mwenye kampuni, na mguuni ana pete ya bati yenye namba. Namba! Nikasema basi, imekwisha, huyu ameshasajiliwa.

Sasa mtu aliyekulia kambini Kigoma, mtoto wa Warundi, utamwambiaje asiamini? Sisi tulihesabiwa. Siku ya kuhesabiwa ikifika, kambi nzima ilipanga foleni tangu alfajiri, foleni ndefu ya kufika Bujumbura na kurudi, na ukikosekana jina lako lilikatwa kwenye kadi ya familia. Mtu akisimama mahali na daftari, akatazama, akaandika, sisi hatukuuliza anafanya nini. Tulijua. Hata mwalimu wa biolojia wa shule ya usiku alipotufundisha kwamba ndege huhama kila mwaka, mimi nilitikisa kichwa kwa huzuni nikiwaza: ndiyo mwalimu, lakini kwa ruhusa ya nani?

Baadaye nilihamia Columbus kuishi na mama, kwenye nyumba za kupanga za Gahanna, ghorofa ya pili, karibu sana na uwanja wa ndege. Nikapata kazi kwenye ghala la vyakula, kitengo cha barafu. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa ameacha chupa nyekundu ya plastiki ikining'inia kwenye roshani, ile ya kuwawekea ndege maji ya sukari, na mama, ambaye hawezi kuona chombo kitupu akanyamaza, aliijaza tangu tulipoingia. Majani yakapukutika, theluji ikaanguka, yeye anaijaza tu.

"Mama, ndege wa sukari wote wameshaondoka."

"Na akipita mgeni akute mtungi mtupu? Utasema nini?"

Asubuhi moja ya Desemba natoka kuoga, namsikia anaita kama nyumba inaungua: "Njoo! Njoo uone! Chozi! Chozi wa kwetu, yule mfyonza maua!"

Nikafika na taulo. Na pale, katikati ya theluji inayodondoka, alikuwepo ndege mdogo kuliko kidole gumba changu, rangi ya kutu, kooni anawaka kama kaa la moto lililopulizwa sasa hivi. Amesimama hewani! Hakukanyaga kitu, mabawa yanavuma kama mashine ya kushonea, mdomo ndani ya chupa. Naapa theluji ilikuwa ikiyeyuka alipopita. Mama amejishika kifua, mimi nimeishika taulo, hakuna aliyepumua kwa dakika kumi na tano.

"Huyu kakosea njia," mama akanong'ona. "Maskini, kutoka Kigoma mpaka huku na mabawa haya!"

Kutoka Kigoma hakutoka, hilo hata mimi nililijua. Chozi hutua kwanza ndipo anywe. Lakini kwamba hapa si kwao, kwamba saa hizi alitakiwa awe kwenye nchi ya joto, hilo lilikuwa wazi kama jua. Nikapata homa ya furaha na homa ya hofu kwa mpigo. Tuna mkimbizi nyumbani.

Kuanzia siku hiyo nikawa mlinzi wake. Kazini tulikuwa tunapewa vifuko vya joto vya kuweka ndani ya glavu. Nikawa nabakiza viwili, navitia kwenye soksi ya sufu, soksi naivisha chupa ili maji yasigande. Ndege akaizoea. Nikitoka tu, anakuja kunivumia sikioni kama anayelalamika nimechelewa. Mama akaanza kumwombea mezani, kabla yetu.

Ikadumu wiki moja. Jirani wa chini, mama wa Kimarekani mwenye moyo mzuri na simu yenye kamera nzuri zaidi, akampiga picha akamtumia mtu, mtu akamtumia mtu. Jumamosi nashuka kutupa taka, nawakuta watu wanne kwenye maegesho. Magunia. Darubini. Daftari!

"Samahani," mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "hujamwona ndege mdogo mwekundu hapa?"

Ulimi wangu, Mungu aubariki, haujawahi kuniangusha. Nikawaambia ndege mwekundu simjui, ila kule kwenye uzio wa uwanja wa ndege nimemwona bundi mweupe pee, mkubwa kama mbuzi. Uongo mtupu! Nilimtoa kichwani mwangu. Wakapiga kelele, wakaruka ndani ya gari, wakaondoka kama gari la zimamoto.

Saa mbili baadaye wamerudi. Nikajua nimekwisha. Mwenye daftari akaja mbio, akanikumbatia, machozi yanamtoka kwa furaha au kwa baridi. Wamemkuta! Bundi mweupe, ameketi juu ya nguzo karibu na njia za ndege za abiria, ametoka kaskazini kabisa kusiko na miti, na mara ya mwisho kuonekana bundi kama yule sehemu ile hata wao hawakuikumbuka. Wakaniuliza jina waliandike kwamba mimi ndiye niliyemwona wa kwanza.

Wewe fikiria hali yangu. Nilikusudia kumficha mmoja, nimemchongea mwingine asiye na hatia, tena jina langu limo kwenye faili lake! Jumapili kanisani nilitubu bila kutaja nimetubu nini.

Jumatatu dada yangu akapiga simu kutoka Buffalo. Yeye kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani, na wakati ule alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kimarekani aliyepita miaka themanini. Kila akipiga lazima atuhadithie habari zake: leo bibi amenipeleka mto unapotokea ziwani, upepo unakata masikio, anahesabu shakwe mmoja mmoja na kila mmoja ana jina lake. Siku hiyo sauti yake ilikuwa tofauti.

"Mdogo wangu, bibi amesoma kwamba huko kwenu kumeonekana bundi. Na kabla ya bundi, ndege mdogo mwekundu, halafu akapotea. Huyo mwekundu hajawahi kumwona wakati wa theluji, maisha yake yote. Na daktari amesema macho yake hayatafika baridi ijayo. Hujasikia popote?"

"Sijasikia, dada."

"Mbona sauti imekuwa ndogo?"

"Baridi, dada."

Simu ilikuwa kwenye spika, na nyuma yangu mama, ambaye siri yangu alikuwa haijui kwa sababu nilidhani namkinga, akapaza sauti: "Mwambie chozi yuko hapa! Ameshakunywa mara tatu leo!"

Kwisha habari. Alhamisi gari lao liliingia Gahanna, mwendo wa saa tano na zaidi kwenye theluji. Dada akamshika bibi mkono ngazi kwa ngazi, nami nyuma yao najipa moyo: kizee hiki chembamba kama ufagio kitamkamata nani? Mama akamkalisha mbele ya mlango wa kioo, akamfunika kitenge, akampa chai ya tangawizi iliyomfanya akohoe na kuomba nyingine.

Tukasubiri. Nusu saa. Saa nzima. Ndege haji! Mimi, niliyeomba wiki nzima asionekane, nikaanza kuomba aje. Nilikwenda kubadilisha vifuko vya joto mara nne. Bibi hakulalamika, amekaa tu, mikono imefumbata kikombe.

Halafu vuuum.

"Huyo!" mama akapiga kofi pajani. "Huyo, huyo, huyo!"

Lakini bibi aligeuza uso akatazama ukuta. Nikapagawa. "Dada, mgeuze! Anatazama kabati!"

"Mwache. Katikati ya macho kumekufa, anaona kwa pembeni."

Ndege, kama aliyeambiwa, akaiacha chupa, akaja hadi kwenye kioo, akasimama hewani shubiri moja kutoka sikio la bibi, koo linawaka. Bibi akafungua mdomo. Kikatoka kicheko, kicheko cha msichana wa miaka kumi, na dada naye akacheka, na mama akapiga vigelegele hadi jirani wa chini akagonga dari, na mimi sijui nilifanya nini ila nilijikuta nimempigia saluti ndege.

Alipoondoka, bibi alijifuta mashavu, akafungua mkoba. Akatoa daftari. Akatoa kalamu.

Mkono wangu ukatua juu ya ukurasa kabla sijaupa ruhusa.

"Unafanya nini wewe?" dada akaniuliza kwa Kiswahili, macho makali.

"Dada, tafadhali. Asimwandike. Wakishamwandika watakuja kumrudisha. Tayari nimemponza bundi."

"Kumrudisha wapi?"

Ikabidi nimweleze yote: Louisville, mzee wa kanisa, pete yenye namba, idara. Mama akasikiliza mkono mdomoni. Nikaona naye anaanza kulitazama lile daftari vibaya. Bibi alitungoja, kalamu hewani, asielewe neno. Dada hakucheka. Naye alipanga foleni zile. Aliuondoa mkono wangu polepole, kidole baada ya kidole.

"Mdogo wangu, hakuna idara ya ndege. Hawa ni watu wanaopenda ndege, basi. Wanakuja kumwona, wanaandika wamemwona wapi, wanarudi nyumbani. Hata pete ile ni ya kujua tu ndege amefika wapi. Bundi wako yupo palepale kwenye nguzo, tumempita tukija. Na huyu hakuna wa kumrudisha. Ataondoka mwenyewe, siku akitaka."