Kulia kwa Nani?

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya redio pale Nakuru, Fundi Mkuu alinikabidhi kichupa cha rangi ya kucha na kipande cha bodi kilichopakwa shaba upande mmoja. Nilidhani ananitania kwa kuwa mimi ni msichana. Kumbe ndiyo ilikuwa programu yetu ya kuchora saketi! Ulichora njia za umeme juu ya shaba kwa rangi ile, ukaitumbukiza bodi kwenye asidi, shaba iliyo wazi ikaliwa na iliyofunikwa ikabaki. Hizo ndizo njia ambazo ninyi wanafunzi, mnaoanza kwenye timu ya roboti, mnazivuta kwa kipanya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kiangazi, vumbi la Nakuru lilinata kwenye rangi mbichi, kwa hiyo tulifunga madirisha tukavumilia harufu. Ulianza na ramani kwenye karatasi ya miraba, ukapanga vifaa, ukaunganisha njia, mwisho ukakagua kama kuna mbili zinazogusana. Utaratibu ni huohuo wenu, ila kwenu kompyuta ndiyo inayowakemea. Kwetu alikuwepo Meneja.

"Hizi bodi zinatoka ng'ambo," aliniambia akiniandika kazi. "Ukiharibu moja, unaenda nyumbani." Nyumbani kulikuwa na mama na wadogo zangu watatu waliokula kwa kazi hiyo.

Fundi Mkuu alikuwa Kalasinga wa makamo, kilemba kichwani, mpole, mwenye masihara. Aliniita beti, yaani binti. Mwezi wangu wa pili kazini, kiwanda kimoja cha mbao cha Elburgon kiliagiza king'ora cha kuwaonya watu kabla msumeno haujawashwa, naye akaniachia nichore bodi yake peke yangu.

Nilichora kwa madaha. Bodi ilipotoka kwenye asidi iking'aa, Fundi Mkuu aliishika mwangani, akaigeuza huku na huku.

"Beti, nilisema swichi iko kulia."

"Nimeiweka kulia, Mzee."

"Kulia kwa nani? Ya vifaa ama ya shaba?"

Hapo ndipo nikaelewa. Ramani huonyesha vifaa kwa juu, na shaba iko chini. Ukiigeuza bodi, kulia kunakuwa kushoto. Nilikuwa nimenakili ramani ilivyo, na saketi nzima imepinduka.

"Basi kulia ni kwangu, Mzee," nikasema, na machozi yakanitoka kweli.

Alicheka mpaka ndevu zikatikisika. Kisha akakaa, akavilehemu vifaa vyote upande uleule wa shaba ili kulia kurudi kuwa kulia, ingawa ni mahali ambapo fundi mwenye akili zake havibandiki. King'ora kililia vizuri, lakini bodi ilikuwa kituko. Meneja alipoiona akafura.

"Nani amefanya huu ujinga?"

"Mimi, sir," akasema Fundi Mkuu. "Macho nazeeka."

Meneja alimkaripia mbele yetu sote kama mtoto wa shule, mtu aliyewafundisha nusu ya mafundi wa redio mjini. Nilitaka kusema, ulimi ukagoma. Nilinusuru kazi yangu, nikaona haya kumtazama.

Nikasema nitamshukuru kesho, na kesho ikazaa kesho. Baadaye nilitumwa Gilgil kufunga mitambo kwa wiki kadhaa. Niliporudi, meza yake ilikuwa tupu. Alikuwa amehamia Uingereza na jamaa yake yote. Sikupata anwani. Meza ile nikaja kuikalia mimi, nikawa Fundi Mkuu, kisha nikafundisha chuoni hadi nikastaafu. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na ni yeye tu ninayemtamani mpaka leo. Natamani hata kikohozi chake cha asubuhi.

Juzi nilipowatembelea, binti mmoja wa timu alibonyeza kitufe, bodi ikageuka upande wa pili kwenye skrini.

"Shosh, hapa ukikosea unarudisha tu. Nyinyi mliteseka sana!"

"Tuliteseka, mjukuu wangu," nikamjibu.

Naionea wivu programu yenu. Ningekuwa nayo, mzee yule asingeaibishwa. Lakini najua kuna makosa ambayo kitufe hakiyarudishi, na langu nimelibeba maisha yangu yote ya kazi. Wenzangu wa karakana waliobaki watasoma jarida lenu hili, na kama yeye yu hai, huenda neno hili likamfikia: bodi ya Elburgon niliichora mimi.