Maji Niliyompulizia Rubani Sidi

Sidi hakuwa na baba. Hakuwa na kimo. Ndani ya ndege alikalia mito miwili ndipo aone mbele. Hakuwa na mjomba serikalini, wala kiatu kisichoingia maji. Woga nao hakuwa nao kabisa.

Alikuwa na mimi, babu yake, Kadenge wa Mjambere, niliyesoma gumbaru usiku nikiwa na ndevu tayari.

Sasa nisikilizeni.

Jumamosi moja nilimbariki mjukuu wangu mbele za watu kwa jambo ambalo hakulifanya. Naye akapiga magoti, akaitikia.

Ana jina la marehemu mke wangu, kwa hivyo kwetu Giriama yeye ni mke wangu wa utani.

"Mume wangu, unazeeka vibaya," hunambia.

"Na wewe wali umekushinda. Nenda zako angani!"

Alijifunza urubani kwenye kiwanja kidogo kusini mwa Likoni. Ndege yenyewe kuukuu, ya viti viwili, imeundwa kabla mamake hajazaliwa. Ikiwaka hutetemeka kama mashine ya kusaga mahindi. Sidi aliipenda hivyo hivyo. Kila asubuhi aliipapasa mbawa, akakinga petroli kwenye kikombe cha kioo atazame kama imeingia maji.

Ndiye aliyenieleza desturi yao: mwanafunzi akiruka peke yake mara ya kwanza, bila mwalimu, akishuka humwagiwa maji.

Nilicheka. "Kumbe hata marubani wanabarikiwa kwa maji!"

Maana kwetu mzee huteka maji kinywani, akampulizia mtoto kifuani, akatamka, akamalizia "Taireni", na mtoto akaitikia "Za Mulungu", yaani za Mungu. Na baraka ikishatoka, hairudi.

Jumamosi hiyo ndiyo aliyotakiwa aruke peke yake. Nikavuka feri na majirani, nimebeba kibuyu cha maji ya kisima chetu.

"Mzee Kadenge," akasema jirani yangu Mama Salha, "huyo mkeo akiona raha huko juu, wallahi harudi!"

"Atarudi. Mume amemwacha huku."

Feri ilituchelewesha. Tulipofika, ndege imeshatua. Sidi amesimama kando yake, uso umelowa, shati limelowa.

Nikajua tu: ameruka, ameshuka, wenzake wamemmwagia. Sikuuliza mtu.

Nikateka maji kinywani, nikampulizia. "Hewa ikubebe, mama! Ulichokishinda leo kisikushinde kesho! Taireni!"

Vigelegele vya Mama Salha vikapaa.

Sidi akapiga magoti pale pale nyasini. "Za Mulungu," akaitikia, sauti nyembamba kama uzi.

Mwalimu wake, Rashid, akanivuta nyuma ya banda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umenifundishia!"

"Mzee... Sidi hakuruka peke yake. Jana daktari alimzuia. Ameanguka kifafa mara mbili huku bwenini, akatuficha. Hatapewa ndege tena. Leo nilikaa kando yake, nikamwachia azunguke mara moja, aiage."

"Mbona amelowa?"

"Alikuwa analia. Akaenda kunawa bombani mlipokuwa mnaingia."

"Mbona hakunambia?"

"Angekwambia saa ngapi, mzee? Ulikuja ukipuliza."

Nilirudi, nikamkuta anapigwa picha na majirani, anacheka meno yote. Kwenye feri akaniegemea bega.

"Mume wangu, umefurahi?"

"Sana."

Basi. Tukavuka hivyo, kila mtu na lake.

Wiki ile akahamia kwa shangazi yake Malindi. Idi haji, Krismasi haji. Simu hapokei. Nikadhani ugonjwa unamzuia. Kumbe sivyo. Shangazi yake ndiye aliyeniambia: "Baba, anasema hapo Mjambere watu wote wanamwita Rubani. Hawezi kupita njia hiyo."

Si kifafa kilichomfukuza nyumbani. Ni shangwe yetu.

Ndugu zangu, kabla hamjamshangilia mtu, mtazameni uso kwanza.

Jana nilimwita Mama Salha barazani pangu, nikamweleza yote kwa kinywa changu, mimi Kadenge ambaye sijawahi kukubali nimekosea hata kwenye bao. Alilia. Akaenda kuwaambia wengine.

Leo asubuhi nimemwandikia Sidi barua: "Mama, nilijua kabla hatujavuka feri kurudi. Majirani nao wanajua sasa, na hakuna atakayekuita jina lile. Je, dawa unameza? Baraka yangu sikuipa ndege, nilikupa wewe. Njoo."

Nikalamba gundi, nikafunga bahasha, nikaenda posta kwa miguu yangu, nikaitumbukiza.

Mkono ukabaki kwenye tundu la sanduku, hautaki kutoka.