Jina la Nne Kwenye Karatasi ya Umm Nizar

Umm Nizar alitunga majani ya tumbaku kwenye uzi upesi kuliko mwanamke yeyote wa kijiji chetu huku kusini mwa Lebanoni, lakini kusoma hakujua. Mumewe alikufa mapema, na tumbaku ndiyo iliyomlea yeye na mwanawe wa pekee, Nizar. Kijana akajiunga na kundi letu la wapiganaji wa dini. Na wala hakuuawa na Waisraeli! Waliomuua ni Mashia wenzetu, kundi lile lingine, mwaka ule tulipochinjana mlimani wenyewe kwa wenyewe. Jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Miaka miwili baadaye masheikh wetu, walewale waliotufundisha kwamba kura ni upuuzi wa serikali, wakatuambia kura ni wajibu. Haya, nikameza. Kisha ikatoka orodha, ndiyo karatasi yenyewe ya kutumbukiza sandukuni: majina yetu na ya kundi lile, karatasi moja! La nne lilikuwa Hikmat Rammal, kamanda wa waliomuua Nizar.

Na nani akatumwa kumpelekea mama wa shahidi karatasi hiyo? Mimi jirani yake, mpumbavu wa watu.

Nilimkuta barazani na sindano yake ndefu, vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma. Nilipofika la nne nikakohoa.

"Unakohoa nini, Abu Yasin? Jina limekukaba?"

"Hajja, wakubwa wamepatana. Kijiji kizima kitakuangalia wewe. Mama wa shahidi asipopiga kura..."

"Wamepatana! Na mimi nani alikuja kunipatanisha?" Akaninyang'anya karatasi. "Nionyeshe la nne liko wapi. Halafu nenda zako, kahawa sikupi."

Kwetu kunyimwa kahawa ni kofi. Nikamwonyesha, nikaondoka.

Siku ya kura alikuja na baibui lake la msiba, akatumbukiza karatasi sandukuni bila kumtazama mtu. Wenzangu walifurahi. Mimi roho iliniuma, nikaona tumemvunja mama wa watu.

Alasiri tukahesabu pale pale shuleni. Msomaji hufungua kila karatasi na kuyataja majina kwa sauti, maana mpiga kura anaruhusiwa kukata jina asilolitaka na kuandika jingine. Mimi nilikuwa wakala wa kundi letu. Kando yangu alikaa Munir, wakala wa kundi lile, naye alipigana mlimani mwaka ule.

Ikafunguliwa karatasi yenye alama za vidole vyeusi. Msomaji akataja la kwanza, la pili, la tatu, akaisogeza karatasi karibu na macho. La nne lilikuwa limekatwa, na juu yake herufi kubwa zimepinda. Nilizijua. Zilikuwa zile za kwenye jiwe la kaburi la mwanawe, alizokuwa akizipitishia kidole kila Alhamisi.

"Nizar Shuman," akasoma.

"Huyo si mgombea," karani akasema. "Hahesabiwi."

Kwetu jina la shahidi halitajwi likapita bila Fatiha. Sisi watu wake tuliinamisha vichwa, tukaogopa kuharibu mapatano ya wakubwa. Ya Rabi, aibu ile!

Kiti kikakwaruza sakafu kando yangu. Munir alikuwa amesimama, viganja juu. Akaanza Fatiha kwa sauti, na alikuwa amefika katikati ndipo nami nikainuka.